Kumlisha kwa Mpira wa Puani Mgonjwa Mwenye Utapiamlo Mkali

Bibi mmoja aliyetoka Buhigwe aliwahi kunisimamisha kando ya kitanda cha mjukuu wake, akanionyesha kikombe ambacho maziwa yake hayakufika hata nusu. "Mwanangu," akasema, "mimi nimeleta mawese chupa nzima, na uji wa ulezi umo humu kwenye chupa ya chai, nanyi mnampa mtoto maziwa ya kuramba. Mnamtibu au mnamfungisha?" Sikumlaumu, maana macho yake yalikuwa yanaona kweli tupu: mtoto wa miaka miwili mwenye mbavu za kuhesabika anapewa maziwa ambayo mtoto mwenye afya angeyamaliza kwa pumzi moja, halafu anaambiwa asubiri saa mbili. Jibu nililompa ndilo msingi wa mwongozo huu wote. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hauwezi kupokea shibe ya ghafla, na mpira wa kulishia, kwa kuwa unakipita kinywa na kuipuuza hamu ya kula, unamwezesha mlishaji kumjaza mgonjwa kuliko mwili wake unavyoweza kustahimili. Kwa hiyo anayeshika mpira huo anahitaji kipimo na subira kuliko anayeshika kijiko.

Nimeandika kwa ajili ya wauguzi wa vituo vya afya na hospitali za mkoa wa Kigoma, pamoja na ndugu wanaouguza wagonjwa wodini au nyumbani. Kuingiza mpira ni kazi ya mtu aliyefunzwa, na ndugu asijaribu hata kidogo. Kumimina maziwa, kuangalia alama ya mpira, kutunza kinywa na kutambua hatari ni mambo ambayo ndugu anaweza kuyajua vizuri, na kwa jinsi wodi zetu zilivyo na wauguzi wachache usiku, ni heri ayajue.

Nani awekewe mpira

Mtoto wa miezi 6 hadi 59 huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali iwapo mzunguko wa mkono wake wa juu ni chini ya sentimita 11.5, yaani utepe unaangukia kwenye rangi nyekundu. Au uzito wake kwa urefu uko chini ya alama ya -3 katika jedwali la Shirika la Afya Duniani. Au nyayo zake zote mbili zimevimba na kubaki na shimo unapozibonyeza kwa kidole gumba. Wengi wa watoto hawa hawahitaji kulazwa, sembuse mpira. Mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine mkali hutibiwa nyumbani kwa chakula dawa (lishe maalumu ya pakiti iliyo tayari kuliwa), na kuhudhuria kliniki ya lishe kila wiki. Anayelazwa ni yule aliyekosa hamu ya kula, au mwenye nimonia, kuharisha kukali, homa kali, baridi ya mwili, au uvimbe ulioenea hadi mikononi na usoni.

Hata huyo anayelazwa, kikombe na kijiko hutangulia. Mpira huwekwa pale ambapo mtoto amemaliza chini ya asilimia 80 ya maziwa yake katika milo miwili mfululizo, au anapumua kwa kasi kiasi cha kushindwa kumeza salama, au ana vidonda vikali vya kinywa, au kaakaa lililopasuka, au fahamu zake zimepungua. Mgonjwa aliyeumia vibaya usoni, au anayeshukiwa kuvunjika fuvu upande wa chini, asiwekewe mpira wa puani bila uamuzi wa daktari, kwa kuwa mpira unaweza kupita njia isiyo yake.

Kuna desturi ambayo ningependa ikome. Mtoto anayekataa kula hulazwa mapajani, hubanwa pua, kisha hunyweshwa uji kwa kiganja huku akilia, hata atakapohitaji kuvuta pumzi ameze. Akina mama hufanya hivyo kwa upendo, na wao wenyewe walilelewa hivyo, lakini mtoto anayelia huku kinywa kimejaa hupaliwa, na uji unaoingia mapafuni huleta nimonia ambayo mtoto dhaifu haiwezi. Mpira uliowekwa vizuri ni salama mara nyingi zaidi kuliko kiganja hicho, ingawa unatisha kuutazama.

Hesabu ya maziwa

Katika siku za mwanzo hutumika maziwa ya F-75, ambayo kila mililita 100 zina kilokalori 75 na protini gramu 0.9 tu. Udogo huo wa protini ni wa makusudi, kwa sababu ini na figo za mtoto huyu hazijawa tayari kushughulikia zaidi. Kipimo ni mililita 130 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye uvimbe ulioenea mwili mzima hupewa mililita 100 kwa kilo, kwa kuwa sehemu ya uzito unaoonekana kwenye mizani ni maji.

Tuchukue mtoto wa kilo 6.4 asiye na uvimbe huo. Kilo 6.4 mara 130 ni mililita 832 kwa siku. Akilishwa kila baada ya saa 2, milo ni 12, na kila mlo ni mililita 70 hivi. Mpe kwanza kwa kikombe. Akinywa 45 akageuza uso, zimebaki 25: amekunywa asilimia 64. Andika hivyo kwenye chati, wala usiandike "amekunywa vizuri", maneno ambayo nimeyasoma kwenye chati nyingi na ambayo hayajawahi kunisaidia kuamua lolote. Mlo unaofuata ukiwa vilevile, mpira unawekwa. Na kuanzia hapo, kila mlo mtoto huanza kwa kikombe, kisha kile kilichobaki humalizikia mpirani. Akitapika, kadiria kiasi alichotapika, ukitoe kwenye hesabu. Anayenyonya aendelee kunyonya katikati ya milo, na mpira usiwe sababu ya kumnyima ziwa.

Mtoto akitulia, akiwa hatapiki, haharishi sana na anamaliza milo yake, unaweza kuhamia kwenye milo 8 ya kila saa 3, ambayo kwa mtoto wetu ni mililita 105, na baadaye milo 6 ya kila saa 4, yaani mililita 140. Kiasi cha siku nzima hakibadiliki. Unachobadilisha ni namna ya kukigawa.

Maziwa ya F-75 yaliyotengenezwa kiwandani yafuate kipimo na kijiko cha kopo lake lenyewe, kwa maana vijiko vya aina tofauti havilingani. Yakikosekana, kuna njia ya kuyapika, ambayo nimeitumia zaidi ya mara moja barabara ilipokatika kwa mvua: maziwa mabichi ya ng'ombe mililita 300, sukari gramu 70, unga laini wa nafaka gramu 35, mafuta ya kupikia gramu 20, na mchanganyiko maalumu wa madini na vitamini kwa kipimo chake. Unga, maziwa, sukari na mafuta huchemshwa pamoja na maji kwa dakika 4 huku vikikorogwa, yakipoa huongezwa mchanganyiko wa madini, kisha maji yaliyochemshwa hadi ifike lita 1 kamili. Kosa linaloharibu maziwa haya ni kupima lita nzima ya maji kisha kuongeza vile vingine juu yake. Maziwa huwa mepesi mno, na mtoto hukaa na njaa huku chati ikisema ameshiba.

Maji yawe yamechemka, iwe yametoka bombani, kisimani au ziwani. Watu wa huku hawahitaji kukumbushwa kipindupindu cha Mei 2015 katika kijiji cha Kagunga, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana ufukweni. Mahali pasipo na jokofu, tengeneza maziwa ya mlo mmoja tu, na yaliyobaki yamwagwe.

Kuingiza mpira

Osha mikono kwa sabuni. Weka karibu mpira, ambao kwa mtoto mdogo huwa wa namba 6 au 8, na kwa mtu mzima anayelishwa maziwa mepesi huwa wa namba 8 hadi 12. Weka pia bomba la sindano, maji safi, plasta iliyokwisha kukatwa, karatasi za kupima asidi, gozi na kalamu isiyofutika. Mweleze mgonjwa mzima utakalofanya, na mkubaliane ishara ya mkono ya kukuomba usimame. Mtoto mviringishe kitenge mikono ikiwa ndani, apakatwe na mama akiwa ameinuliwa kichwa. Wazazi Warundi wanaotoka kwenye kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu, mara nyingi huzungumza Kirundi, na muuguzi anayejua Kiha asione haya kukitumia, kwa kuwa lugha hizo ni ndugu na mama aliyeelewa hushika mtoto kwa utulivu.

Pima urefu kabla ya kuingiza. Weka ncha ya mpira kwenye ncha ya pua, uupeleke hadi ndewe ya sikio, kisha uushushe hadi kwenye chembe cha moyo. Kwa mtoto, shuka zaidi hadi katikati ya chembe cha moyo na kitovu, kwa sababu kipimo kinachoishia kwenye chembe huuacha mpira wake juu mno mara nyingi. Tia alama kwa kalamu pale mpira unapokutana na tundu la pua.

Lowesha ncha kwa maji, uiingize kwenye tundu lililo wazi zaidi, ukielekea nyuma sambamba na sakafu ya pua. Wanaoanza kazi huelekeza juu, kwa kuwa pua yenyewe inaelekea juu, wakagonga mfupa na kutoa damu. Mpira ukifika kooni, inamisha kidevu kidogo kuelekea kifuani, mgonjwa mwenye fahamu ameze mate au funda dogo la maji ikiwa anameza salama, na kila anapomeza sukuma kidogo. Akikohoa mfululizo, midomo ikigeuka rangi, au sauti ya kilio ikipotea ghafla, toa mpira mara moja. Sauti hupotea kwa sababu mpira umepita kati ya nyuzi zake. Ukifika kwenye alama, shikiza kwa plasta shavuni, mpira ukipita pembeni bila kuvuta tundu la pua, kwa maana ngozi ya mtoto mwenye utapiamlo huchubuka upesi na kidonda hapo huchelewa kupona.

Umo tumboni au mapafuni?

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami muda mrefu kuliko sehemu nyingine. Wengi wetu tulifundishwa kusukuma hewa kwa bomba la sindano huku tukisikiliza juu ya tumbo, na tukisikia mvumo tukasema mpira uko mahali pake. Njia hiyo si ya kutegemewa. Kifua cha mtoto ni kidogo na ukuta wake ni mwembamba, kwa hiyo hewa iliyosukumwa ndani ya pafu husikika tumboni vilevile. Huduma ya afya ya Uingereza ilionya dhidi yake mwaka 2005 baada ya wagonjwa kudhurika. Katika wodi moja niliyowahi kufanya kazi, ambayo sitaitaja, tulisikia mvumo huo watu wawili, tukakubaliana, tukamimina mililita 10 za kwanza, na mtoto hakukohoa. Alianza tu kupumua kwa kasi na pua zikapanuka. Mpira ulikuwa kwenye njia ya hewa. Tuliutoa kwa wakati, na siku zile nilijifunza pia jambo la pili: mtoto aliyedhoofika sana huenda asiwe na nguvu ya kukohoa, kwa hiyo ukimya wake si ushahidi.

Kutumbukiza mwisho wa mpira ndani ya maji na kutazama mapovu ni njia mbovu vilevile. Rangi ya majimaji yanayotoka huweza kukupoteza, kwa kuwa ya tumboni na ya mapafuni yanaweza kufanana.

Njia ya kufuata ni kuvuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano, taratibu, na kuyadondoshea kwenye karatasi ya pH, yaani ya kupima asidi, yenye namba. Ikisoma 5.5 au chini yake, mpira uko tumboni. Karatasi ya zamani inayobadilika tu kutoka buluu kuwa nyekundu haitoshi, kwa kuwa haioneshi ukubwa wa asidi. Mgonjwa aliyetoka kulishwa, au anayetumia omeprazo (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo), anaweza kusoma juu ya 5.5 ingawa mpira uko sawa; ikiwa ametoka kulishwa, subiri saa moja na upime tena. Majimaji yasipotoka kabisa, mlaze ubavu wa kushoto, sukuma hewa kidogo ili kuondoa ncha kwenye ukuta wa tumbo (mililita 1 hadi 5 kwa mtoto, 10 hadi 20 kwa mtu mzima), subiri dakika 15 hadi 30, vuta tena. Bado hakuna kitu, sogeza mpira sentimita 1 au 2 ndani au nje. Hayo yote yakishindikana, picha ya eksirei ndiyo mwamuzi, na mahali pasipo na eksirei, toa mpira uanze upya. Kuchelewesha mlo kwa nusu saa kunavumilika, ilimradi unaangalia sukari ya mtoto.

Uhakiki huu hufanywa mara baada ya kuweka mpira na kabla ya kila mlo, na tena baada ya mgonjwa kutapika au kukohoa sana. Ndugu anayesaidia aangalie kwanza alama ya kalamu: ikiwa imetoka mbali na tundu la pua, asimimine kitu, amwite muuguzi.

Kumimina

Inua kichwa na kifua cha mgonjwa kwa nyuzi 30 hadi 45. Toa kisukumio cha bomba la sindano, ubane mpira kwa vidole, unganisha bomba, mimina maziwa yaliyo vuguvugu, kisha uachie yashuke yenyewe. Ukiinua bomba yanaenda kasi, ukilishusha yanapungua. Mililita 70 zitumie dakika 15 hadi 20. Usiyasukume kwa kisukumio, hata kama kuna watoto wengine saba wanaosubiri. Najua ninachokiomba, kwa sababu mimi pia nimesimama pale nikiwa na mikono miwili na vitanda vinane. Maziwa yanayosukumwa hurudi juu, mtoto hutapika, na kutapika akiwa amelala ndiko kunakompalia. Mtoto akilia au akikohoa, bana mpira, msubiri atulie. Akigeuka rangi au akihema, simamisha kabisa, vuta ulichoweza, umwite daktari.

Maziwa yakikaribia kuisha, kabla hewa haijaingia, pitisha maji safi kidogo ya kusafisha: mililita 5 kwa mtoto zinatosha, nazo zihesabiwe, kwa mtu mzima mililita 30 kabla na baada ya mlo. Funga kizibo, mwache ameinuka kwa nusu saa au zaidi. Dawa zipitishwe moja moja na maji kati yake, bila kuchanganywa na maziwa, na vidonge vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole visisagwe. Kinywa kisafishwe kila siku ingawa hakili, kwa kitambaa laini na maji, kwa kuwa kinywa kikavu huota utando mweupe na vidonda.

Mpira ukiziba, tumia maji ya vuguvugu na bomba kubwa la sindano, ukisukuma na kuvuta kwa upole. Bomba dogo huleta mgandamizo mkubwa unaoweza kupasua mpira. Waya usitumike. Soda nayo, ambayo watu huipenda kwa shughuli hii, ina asidi inayogandisha protini ya maziwa na inaweza kukaza kizibo zaidi. Kisababishi kikubwa cha kuziba ninachokiona ni uji wa lishe wenye karanga na unga wa dagaa, unaomiminwa na ndugu muuguzi akiwa mbali. Mpira wa namba 8 haukutengenezwa kwa uji.

Siku za mwanzo

Njaa ya muda mrefu humaliza akiba ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya mwili, ingawa damu inaweza kuonekana haina tatizo. Chakula kinapoingia kwa wingi, hasa wanga na sukari, mwili hutoa insulini, na insulini huyasukuma madini hayo kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Damu hubaki tupu; moyo hupiga bila mpango, misuli ya kupumua hulegea, na mgonjwa anaweza kufa siku chache baada ya kuanza kulishwa, wakati ndugu wanaamini ameanza kupona. Kambi ya mateso ya Wanazi ya Bergen-Belsen, huko Ujerumani, ilipokombolewa Aprili 1945, miongoni mwa wafungwa waliokufa baada ya uhuru walikuwamo waliopewa vyakula vizito ambavyo miili yao haikuviweza. Bibi wa Buhigwe alinisikiliza nikimweleza haya, akasema kwao pia mtu aliyetoka kwenye njaa huanzishiwa maji ya uji, si ugali. Kumbe hoja yangu alikuwa nayo tangu zamani.

Hatari nyingine mbili hutembea pamoja, sukari kushuka na mwili kupoa, na zote mbili hupenda usiku. Mlo wa saa 8 usiku na ule wa saa 10 alfajiri ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayookoa. Sukari ya damu ikiwa chini ya milimoli 3 kwa lita, yaani miligramu 54 kwa desilita, mpe mililita 50 za glukosi ya asilimia 10 kwa kinywa au mpira, kisha maziwa kila nusu saa kwa saa 2 za kwanza. Glukosi ikikosekana, kijiko kimoja cha chai cha sukari kilichojaa, katika vijiko vitatu na nusu vya mezani vya maji, hufanya kazi hiyo hiyo. Joto la kwapani likiwa chini ya nyuzi 35, mvue, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja na kichwa kifunikwe.

Hesabu mapigo ya moyo na pumzi kila baada ya saa 4. Mapigo yakiongezeka kwa 25 au zaidi kwa dakika na pumzi kwa 5 au zaidi, na hali hiyo ikadumu, moyo unazidiwa: punguza maziwa, umwite daktari. Uvimbe wa miguu usitibiwe kwa dawa za kukojoza, kwa kuwa utaondoka wenyewe mtoto anapolishwa inavyotakiwa. Madini ya chuma nayo hayapewi siku hizi za mwanzo.

Mgonjwa mtu mzima

Kwa mtu mzima aliyedhoofishwa na kifua kikuu, saratani ya umio au kiharusi, kanuni ni ileile lakini tarakimu zinabadilika. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya tiba, unamhesabu kuwa katika hatari kubwa mtu ambaye uwiano wa uzito na urefu wake (BMI) uko chini ya 16, au aliyepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito katika miezi 3 hadi 6 bila kukusudia, au aliyekaa zaidi ya siku 10 akila kidogo sana au bila kula. Huyo aanze kwa kilokalori zisizozidi 10 kwa kilo kwa siku, zikipandishwa taratibu hadi kutosheleza mahitaji yake ndani ya siku 4 hadi 7, huku akipewa vitamini B1 kabla ya kuanza na katika siku 10 za mwanzo. Mtu wa kilo 40 ataanza kwa kilokalori 400, sawa na mililita 400 za maziwa yenye kilokalori moja kwa mililita. Kwa familia iliyokuja na mabakuli hiyo ni aibu, na ni wajibu wa muuguzi kuwaeleza kabla hawajaanza kumlisha kwa siri.

Kuhama na kutoa mpira

Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, F-75 hubadilishwa kwa F-100, yenye kilokalori 100 na protini gramu 2.9 katika mililita 100. Kwa saa 48 toa kiasi kilekile cha F-75, usizidishe; baada ya hapo ongeza mililita 10 kila mlo mpaka mtoto aanze kubakiza. Kipindi hiki kina mtego wake, kwa sababu mtoto ameanza kutabasamu, na kila mtu, nikiwemo mimi, hutaka kumuongezea.

Mpira hutolewa pale mtoto anapomaliza milo miwili mfululizo kwa kikombe, au anapokunywa asilimia 80 ya maziwa ya siku nzima kwa kinywa. Pitisha maji kidogo, bana mpira kwa vidole ili kilichomo kisidondoke kooni, bandua plasta kwa maji, uvute kwa mwendo mmoja usiosita. Baada ya kuruhusiwa, mtoto huendelea na chakula dawa na kliniki hadi mzunguko wa mkono ufike sentimita 12.5 na uvimbe uwe umetoweka kwa wiki 2 au zaidi.

Mjukuu wa Buhigwe alitolewa mpira siku ya 5. Siku ya kuondoka, chupa ya mawese ilikuwa bado chini ya kitanda, na bibi alitaka kujua kama sasa inaruhusiwa. Nikamwambia inaruhusiwa, kwani mawese mekundu yana nishati nyingi na yana chimbuko la vitamini A. Baada ya chakula dawa, mtoto apewe uji wenye kijiko kimoja cha chai cha mawese kwa bakuli, na dagaa waliosagwa kwenye mboga. Alikaza kifuniko, akaifunga chupa ndani ya kanga, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, kisha akarudi kuniuliza kama kijiko hicho kiwe cha kujaa au cha kufutwa.